Vijiti vya Mchungwa wa Baba

Mau Narok

Mirembe, amani iwe kwako, mama yangu. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo mvua? Na kuku wako, wamepona? Mimi ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa baridi ya huku. Ruthi, dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma yote, usiruke mahali utakapoona aibu.

Barua yako imenifikia. Umesema mchwa wamemaliza mizizi ya mchungwa wa marehemu baba, umekauka wote, na unataka nikate vijiti kwenye miti yangu ya huku nikuletee, tuuanzishe upya hapo mlangoni. Mama, vijiti sina. Nitakueleza kwa nini. Kosa ni la nyapara wetu Zakayo, na langu pia.

Unakumbuka nilivyovibeba vijiti vya kwanza kwenye treni kutoka stesheni yetu ya Luanda, nimevifunga kwa maganda ya mgomba yaliyolowa, nimevishika kama mayai. Huku mchungwa huteseka kwa baridi. Nilikuwa nimeotesha miche ya limau kwenye madebe, maana mizizi yake ni migumu, nikaichanja na kuiunga na mchungwa wa baba. Miti minne ikashika. Miaka miwili, mama, asubuhi naitoa juani, jioni naisukuma kwenye ukuta wa jiko la memsabu, mke wa mzungu mwenye shamba, palipo na joto. Mzungu akaapa mbele ya watu kwamba atakayemletea machungwa hapa juu atapewa kile chumba cha mawe chenye bati, amlete mke wake. Nikamwandikia Rebeka afunge mizigo.

Kisha baba akafariki, nikaja kuzika. Siku kumi tu! Niliporudi nikamkuta mke wa Zakayo anaanika nguo kwenye dirisha la kile chumba cha mawe nilichoahidiwa. Huyo mumewe alikuwa amempeleka mzungu kwenye madebe, akamwonyesha chungwa la kwanza, akasema, "Hii ni kazi ya mkono wangu." Mimi nikapelekwa kuogesha ng'ombe dawa. Nilipomwuliza akanicheka: "Kwani nani alikutuma uende matanga?" Udongo wa kaburi la baba ulikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nikaapa kwamba huyu mtu atanilipa.

Haikupita muda, mzungu akataka miti itolewe kwenye madebe ipandwe ardhini. Zakayo hajui kitu. Akanijia kwa upole, "Festo ndugu yangu, tuipande wapi?" Nikamwonyesha pale chini bondeni, penye udongo mweusi mzuri.

"Hapa patafaa kweli?"

"Patafaa sana, mzee."

Nilijua sakitu, ile barafu nyeupe ya asubuhi, hushuka kutoka mlimani na kulala papo hapo. Januari ikafika. Asubuhi moja majani yote yalikuwa meusi kama mboga iliyoungulia sufuriani. Nilipita na ng'ombe wangu nikipiga mluzi.

Sasa sikia ujinga wake. Baada ya majuma machache, chini kabisa, chini ya pale nilipounga, pakachipuka matawi manene yenye miiba. Ndio mlimau wenyewe, ule wa mizizi! Anayejua huyakata siku hiyo hiyo. Yeye akamwita memsabu, "Imefufuka!" Tangu siku hiyo akawa anayafunika magunia kila msimu wa baridi, anayabembeleza kama mtoto mchanga. Mimi kimya. Mwaka wa tatu yakazaa, matunda yenye ngozi ya chura. Zakayo akasema ngozi imeharibiwa na baridi tu, ndani ni tamu. Krismasi iliyopita memsabu akaalika wageni, Zakayo akaleta sahani yeye mwenyewe, amevaa koti. Memsabu akauma. Haki ya Mungu, mama, ungeuona ule uso!

Mzungu akaniita. Nikainama nikamwonyesha kile kisiki kilichokufa pale kwenye kiungo, na limau lilipotokea. Zakayo alifukuzwa siku hiyo, godoro kichwani, mimi nikapewa chumba. Aliponipita akasimama.

"Ulijua, Festo. Umemwulia mzungu miti yake."

Nikamcheka usoni. "Haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yangu."

Nilikula vizuri sana siku ile. Barua yako ilifika Alhamisi iliyofuata.

Mama, nilipomwonyesha Zakayo lile bonde nilijua ninaua nini. Nilijiambia tu kwamba mchungwa wenyewe wa baba uko nyumbani, hauna shida. Wewe nakuomba unisamehe. Zakayo, hapana. Nikimkuta njiani Gilgil akiwa na kiu, hata maji simpi, na mchungaji asinisumbue kwa hilo.

Msalimie mjomba mtengeneza baiskeli, na shangazi anayeimbisha kwaya. Rebeka mwambie chumba tunacho sasa, aje na watoto. Asiniulize habari ya machungwa.

Ni mimi mwanao niliyekunyima mti,
Festo