Mama Yako Amekataa Kurudi

Baba Mwaba,

Bukari, ugali wako wa jioni, iko kwenye chungu. Samaki umutolee mutoto mifupa.

Asubuhi nilipeleka baiskeli hospitali kumuchukua mama yako. Kidonda cha mguu kimefunga, nesi amemuruhusu. Yeye akakataa! Akasema mbele ya wagonjwa wote: "Hapa nesi Agness ananiosha polepole, na kila asubuhi ananiuliza nimelalaje. Kule kwenu nani ananiuliza?"

Mimi ninayemufulia na kumupikia miaka sita! Nilirudi nikilia kwa hasira.

~~Kesho uende mwenyewe.~~

Hapana, ninarudi kwake sasa hivi na chai. Nitamuuliza alilalaje. Kweli sijawahi kumuuliza. Na wewe aliyekuzaa, hujawahi pia.

Fungia kuku.

Mama Mwaba