Simu ya Marehemu Isidori

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mdogo wangu Celina,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hujaitikia milele amina, nijibu kwanza hili: miguu yako ina nini? Angela ameolewa, akazaa, na huyo mtoto sasa yuko darasa la tano, anamsahihisha mama yake Kiingereza, na wewe hujakanyaga Kariakoo tangu siku ile ya harusi. Mabasi ya Moshi yanajaa kila siku. Wanakuja watu wasio na ndugu hata mmoja hapa mjini, wananunua pazia na kurudi. Wewe una dada, huji. Nikikupigia hupokei. Ndiyo maana nimemkalisha Darshana aniandikie, yule binti wa Ranjanben wa ghorofa ya juu, mwalimu, ana mwandiko mzuri na subira. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Haya, hujambo? Mgongo je? Shemeji kifua kimepoa? Yule ng'ombe wa pembe moja mzima, au mmeshamla bila kuniambia? Sisi hapa wazima. Goti langu la kushoto linagombana na ngazi, lakini macho ni mapya kabisa. Nilitolewa mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka uliofuata baada ya kumzika Isidori. Sasa naona mpaka vumbi la kwenye dirisha la jirani. Hilo la macho liweke pembeni, nitalirudia.

Tulichonuniana unakijua, lakini nakisema tena ili Darshana naye ajue anaandika nini. Siku ya harusi ya Angela tumekaa meza moja na wakwe. Nimevaa kitenge kipya, nimeshika kadi mbele ya uso kama watu wengine walivyoshika zao, na wewe, kwa ile sauti yako ya kuitia ng'ombe, ukasema dada, kadi umeishika miguu juu. Wakwe wakacheka. Mama mkwe wa Angela akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Na aliyesema ni wewe, Celina, uliyefika darasa la saba kwa sababu mimi nilibaki nyumbani nakata majani ya ng'ombe. Nikakuambia palepale usikanyage kwangu mpaka uniletee isale la kuniomba radhi. Nikangoja. Mwaka ukaisha, isale sikuliona. Isidori alipofariki tukamzika huko kwetu Moshi, ulikuja mazishini, ukapika siku tatu, ukasugua masufuria ya watu mia, lakini kwenye mkeka nilipokaa mimi hukuja. Nikasema moyoni, hicho ni kiburi. Nikakuongezea miaka mingine ya kununiwa.

Sasa sikiliza habari ya simu.

Mwezi ujao tunamfanyia Isidori misa ya kumbukumbu. Angela anataka picha ya baba yake ya kuweka pale mbele, na sisi tunayo moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nikaikumbuka simu yake ya kupangusa, ile mwanetu Lucky aliyomletea kutoka Ulaya wakati mtaa mzima bado tunabonyeza. Unaikumbuka ilivyofika ikakataa laini zetu, ikabidi mafundi waifungue kwanza ndipo iseme. Siku hiyo Isidori alirudi nayo mikononi kama amebeba mtoto wa ubatizo. Baada ya hapo hatukupumua. Alipiga picha kijiko, alipiga picha dari, alipiga picha mguu wake mwenyewe. Unaongea naye, yeye anakutazama kupitia kile kioo. Nikasema, katika picha zote hizo haitakosa moja yenye sura yake.

Nikaitoa kwenye kopo la biskuti. Betri imevimba kama andazi. Angela akasema mama, hiyo ni takataka, itupe. Nikamwambia nitakutupa wewe. Nikavaa viatu, nikaenda kwa Bushiri, fundi mwenye meza pale mtaa wa simu, Mzaramo mmoja mpole ila mdomo haupumziki.

Bushiri akaigeuza, akaipuliza, akainusa. Ndiyo, akainusa. Akaniambia bibi, hii ni babu yao, simu zote unazoziona hapa mezani ni vitukuu vyake. Akanihesabia magonjwa yake: kioo chembamba, kamera ya kuombea Mungu, tumbo dogo halibebi mambo ya siku hizi, kona imepasuka. Akasema nikiiuza nitapata sahani ya chipsi kavu, yai nijitegemee. Nikamwambia sikuja kuuza wala kula, nimekuja kufungua. Akatafuta betri kwenye ndoo ya betri za marehemu simu wengine, akapata inayoingia. Tukanywa chai wakati inakula umeme. Ikawaka, Celina! Nilipiga kigelegele, muuza soksi wa jirani akaja mbio akidhani nimepata mjukuu.

Lakini haikufunguka. Ilitoa vidoti tisa, vitatu vitatu, kama maharage uliyoyapanga kuyahesabu. Bushiri akanieleza kwamba mwenye simu aliweka njia yake ya kupitisha kidole, na asiyeijua njia haingii. Akaniambia ukikosea mara nyingi inajifunga moja kwa moja, hapo dawa ni kuiflashi tu, na ikiflashiwa inafutika yote, inabaki kama imezaliwa leo asubuhi. Nikamuuliza na Isidori? Akasema na Isidori. Hapo nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwambia mtu huyu nimeshamzika mara moja, sitamzika tena kwenye meza yako.

Wakaanza wasomi. Bushiri akachora herufi ya jina la Isidori, ikakataa. Muuza soksi akasema wanaume huweka jina la mke, akachora herufi ya kwangu, ikakataa. Akaja dada mmoja na kitabu chake cha chuo, naye akachora zake, ikakataa. Kila mmoja herufi, herufi. Mimi nimekaa kimya kwa sababu kwenye mambo ya herufi nimezoea kukaa kimya. Bushiri alipohesabu akasema zimebaki mara mbili.

Ndipo nikajiuliza, jamani, Isidori na herufi wapi na wapi? Aliishia darasa la pili, akafukuzwa kwa kulala. Nikafumba macho nimwone pale kwenye kiti chake. Nikamwona. Kila akitaka kuishika simu ile alikuwa anaifanyia ishara ya msalaba kwa kidole. Kila mara, Celina! Mimi nilidhani anaiogopa. Hata nilimsifia kwa paroko kwamba uzeeni mume wangu amekuwa mtu wa sala.

Nikamwambia Bushiri achore msalaba. Akakuna kichwa, akasema bibi, mimi naitwa Bushiri. Nikamwambia chora, Mungu anajua upo kazini. Akaniomba nimwonyeshe mwendo wake. Nikamwonyesha mwilini mwangu: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Akachora, ikakataa. Nilitaka kulia. Kumbe yeye alikuwa amekaa ananitazama usoni, na bega langu la kushoto lilikuwa upande wake wa kulia, akaanza kulekule. Imebaki moja.

Nikasema lete hapa. Wote wakashika vichwa. Nikafuta kidole kwenye khanga, kwa sababu kidole changu hiki kilichokata majani na kugeuza ugali miaka yote vioo vya siku hizi havikisikii, nikakipulizia pumzi kilainike. Nikaanza, Jina la Baba, juu. Na la Mwana, chini. Na la Roho, kushoto. Mtakatifu, kulia. Ikafunguka! Mimi, Theopista, nisiyejua a wala be, nikafungua kilichowashinda watu wa vyuo. Bushiri akasema amina, kisha akaangalia huku na huku kama kuna aliyemsikia.

Picha ni mamia. Isidori hayumo. Yeye ndiye mpigaji, angekuwamo vipi? Liko dole lake gumba limeziba nusu ya picha kumi na kitu, na moja anaonekana kwenye kioo cha kabati, upande mmoja wa uso, anacheka peke yake. Hiyo ndiyo itakayokwenda kanisani. Angela alipoiona alilia, kwa hiyo takataka ile sasa inalala sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma.

Sasa Celina, kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Kuna picha ya kiroba. Kiroba cha ndizi mshare ulichotutumia kwenye basi miezi michache baada ya harusi. Isidori, kama kawaida yake, akakipiga picha kimefunguliwa, yeye anatazama simu, hatazami kiroba. Ndizi zimepangwa vizuri, majani makavu pembeni, na juu ya ndizi kuna jani moja refu, bichi, limefungwa fundo. Nikamwambia Bushiri akuze. Akakuza. Nikamwambia akuze tena. Akaniuliza bibi, jani gani hilo linakutoa machozi? Nikamwambia hilo ni isale, kwetu ukimkosea mtu unampelekea hilo, na likishafika mkononi mwake hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, hata kama umemchomea nyumba.

Kumbe ulileta.

Picha inayofuata ndiyo mbaya. Nipo jikoni, mdomo wazi, nakusema wewe, najijua nikikusema ninavyokuwa. Sufuria ya machalari iko jikoni imefunikwa majani, na isale lako liko juu yake na fundo lake, linachemka. Nilipika ndizi zako, nikafunika kwa msamaha wako, nikala huku nasema mtoto wa mama yangu ananitumia ndizi badala ya isale.

Sikuliona. Huo ndio ukweli, na sijamwambia mtu mpaka leo. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu tangu kabla ya harusi, nami nilificha, kwa sababu nilisema asiyesoma akiwa na upofu juu yake atabaki na nini. Nilikuwa napapasa tu humo kwenye kiroba. Jani ni jani. Na wewe miaka yote ukajua nimelipokea isale nikalikataa, jambo ambalo hata mchawi hafanyi. Ndiyo maana hukuja kwenye mkeka. Kiburi kilikuwa changu. Ila na wewe, Celina, nani anatia isale kwenye kiroba? Isale linapelekwa kwa mkono!

Kwa hiyo barua hii anakuletea Winifrida, jirani yangu anayepanda basi la kuja huko, kwa mkono wake, pamoja na isale nililolikata kwenye mche niliouotesha ndani ya ndoo ya rangi hapa kibarazani. Fundo nimelifunga mwenyewe. Ameapa kwamba halitagusa mzigo. Lipokee mbele ya shemeji, aone, asije akasema hakuona kama wa kwangu. Nisamehe, mdogo wangu.

Angela anakusalimu, Lucky anakusalimu kutoka huko kwenye baridi, Bushiri anakusalimu ingawa hakujui, anasema mwenye jani aje amwone. Darshana naye anakusalimu, amelowesha karatasi mbili, hii ni ya tatu. Wasalimie watoto, na ng'ombe kama yupo.

Misa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Uje kabla, ulale kwangu, njoo na miwani yako. Ile kadi ya harusi ya Angela ninayo, nimeitunza chini ya godoro, na mpaka leo sijui imeandikwa nini. Darshana angenisomea, nimemkatalia. Utanisomea wewe. Nitaishika mwenyewe, na ukiona iko miguu juu, igeuze polepole, ufunge mdomo, uanze kusoma.

Ni mimi dada yako,
Theopista
(dole gumba hili hapa chini ni langu)