Hatua Kumi na Tatu Kutoka Mlango wa Jikoni

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Najua hujaniamkia, siku hizi simu yako inakuja sikukuu kwa sikukuu, lakini shikamoo yako naijua ilipo na nimeiitikia kabla haijafika.

Nakuandikia nimekaa uani juu ya ndoo niliyoipindua. Mikono nimeinawa kwa sabuni ya mche mara tatu, nikaisugua na ndimu, na bado harufu ipo. Nimechoka, mwanangu. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Kiuno kinauma, magoti yanauma, na kuna kitu kingine kinauma ambacho hakina dawa ya kuchua.

Barua hii ni ya wazi. Nikimaliza, mdogo wako Zaina ataipiga picha aiweke kwenye grupu la ukoo, waisome shangazi zako wote, wa Lindi na wa Ilala, na yule mjomba wako asiyesoma kitu ila matangazo ya misiba. Kosa nililokufanyia nililifanya mbele za watu. Nikikuomba radhi kwa simu, chumbani, mlango nimefunga, nitakuwa nimekukosea mara ya pili. Na wasinicheke mwandiko. Niliishia la saba, lakini nilipokuwa msichana mtaa mzima ulikuwa unakuja kwangu niwaandikie barua za kwao.

Unakumbuka ulivyoanza? Watu wanadhani chuo cha ufundi ndicho kilichokufundisha. Chuo kilikupa karatasi. Aliyekushikisha ufito wa kuzibulia ni mimi, na hilo nalo lisomwe kwenye grupu.

Ulikuwa darasa la tatu, baba yako hana hata arobaini kaburini. Nyumba ina vyumba sita, wapangaji wamejaa, choo kimoja, na bomba la maji taka linaziba kila ukigeuka. Fundi ukimwita anakwambia kesho, kesho yake naye kesho. Siku moja nikajifunga kanga kibwebwe, nikanyanyua kwa mtaimbo mfuniko wa chemba, lile shimo la bomba pale uani, nikaanza kusukuma mwenyewe. Wewe nikakuweka chooni na ndoo.

"Mwaga!" nakuita. Unamwaga.

"Yamefika?" unauliza kwa sauti ya kutoboa bati.

"Bado! Mwaga nyingine!"

"Yamefika?"

"Bado!"

Mpaka yakaja kwa kishindo, nami nikapiga kelele, "Yamefikaaa!" Ukatoka mbio unapiga makofi kama timu yako imefunga bao. Halafu ukachuchumaa ukingoni mwa chemba, pua hukuziba, ukayatazama yanavyopita. Ukaniuliza, "Mama, yanajuaje pa kwenda?"

"Kuna mteremko."

"Nani aliuweka?"

Jibu ukaenda kulitafuta mwenyewe baadaye. Ulipomaliza chuo ukarudi, ukalifukua bomba lote la nyumba hii, ukatoa yale ya udongo yaliyopasuka, ukalaza ya plastiki. Mteremko ukaupima kwa mpira mwembamba wenye maji na kamba. Kariakoo nzima hii, maghorofa yote haya yaliyotuzunguka mpaka jua tunaliona kwa zamu, hakuna nyumba ambayo bomba lake limelazwa na binti wa mwenye nyumba. Ni hapa tu.

Siku uliyomaliza ulinisimamisha mlango wa jikoni. Ukaniambia nibebe sufuria la wali wa wateja wangu, nitembee.

"Nibebe la nini? Si nitembee tu?"

"Nataka hatua zako za kazini, mama. Mimi hatua zangu ndefu, na mimi sitakuwepo kila siku. Wewe ndiye wa hapa."

Nikatembea na sufuria. Hatua kumi na tatu, na kwenye ya kumi na tatu mguu wangu ukakanyaga mfuniko. Ukanihesabisha mara tatu kama mtoto wa chekechea. Ukaniwekea na ile ndoo yenye chekecheo chini ya karo, maji ya vyombo yapite humo, mafuta na punje za wali zibaki juu. Ukanipa sheria mbili tu: mafuta yasiende bombani, na chemba isifunikwe.

Zote mbili nimezivunja.

Tulipoambiwa watu wa posa ya Zaina watakuja, mimi ndio nikaingiwa na wazimu. Nilitaka uani kung'ae. Wewe ulikuwa kazini Kigamboni, nikaita mtu wa marumaru. Alipofika kwenye chemba akaniuliza, "Hapa nikate, mama, niache mfuniko?" Nikaona ule mraba wa zege katikati ya marumaru zangu nyeupe. Nikamwambia apitilize. Ile ndoo yako ya chekecheo nayo nikaitupa, ilikuwa na sura mbaya. Ulipokuja ukasimama mlangoni, ukatazama huku na huku.

"Mama, chemba iko wapi?"

"Ipo palepale, imekwenda wapi?"

Mpangaji wetu Bi Nuru, unamjua mdomo wake, akadakia akiwa chumbani, "Imeolewa, bado Zaina!" Tukacheka wote. Wewe hukucheka.

Siku ya posa yenyewe, asubuhi, choo kikagoma. Ukavuka kutoka Kigamboni bila kuitwa, kwa sababu tu ulinisikia nalia kwenye simu. Chemba ya uani imefunikwa, kwa hiyo ukazunguka uchochoroni kwenye ile ya nje, ukalala kifudifudi, ukasukuma fito kurudi nyuma, wapagazi wanakupita na marobota ya vitenge wakiziba pua. Maji yakaenda. Hukunisema. Uliniambia tu, "Hii ni ya leo, mama. Itarudi. Fungua chemba." Ukaoga, ukavaa gauni la kijani, ukapendeza, maana umenirithi mimi. Gambuti zako ukaziacha mlangoni zikauke.

Wageni wakaingia. Mama mkwe wa Zaina, mtu wa Magomeni, mwanamke wa maneno yake, akaziona. "Bibie, gambuti hizi za nani? Mna mvuvi humu ndani?"

Nami nikacheka. Nikasema, "Aa, za kijana wa kuzibua. Nilimwita asubuhi, kazisahau."

"Na huyu binti mkubwa, anafanya kazi gani?"

"Yuko mambo ya maji. Ofisini, kwenye kiyoyozi."

Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sinia la juisi ya ukwaju. Choo walichokwenda kukitumia wale wageni ulikizibua wewe saa mbili tu kabla yake. Ukapita ukainama kwa kila mmoja, "Karibuni juisi." Mikono yako ilikuwa inanukia ndimu. Leo ndio najua kwa nini.

Walipoondoka ulichukua gambuti zako, ukaja mpaka jikoni. "Mama, yule kijana wa kuzibua anakuaga."

Nikadhani utani. Nikakwambia, "Msalimie." Mungu wangu, Somoe, nilikwambia msalimie. Wiki ile ile ukachukua kazi Mtwara.

Unajua nilivyo. Mimi ndiye niliyewatangazia mtaa mzima ulipofaulu chuo, niliyebandika cheti chako sebuleni juu ya televisheni. Lakini wakiuliza cha nini, nilikuwa nasema "cha maji," nanyamaza hapo. Najisifu kwa kila kitu, mpaka kwa pilau ambalo kitunguu kimeungua. Kwa nini nilishindwa kujisifu kwa hili, sijui. Niliona aibu ya kazi ambayo nilianza kuifanya mimi mwenyewe nikiwa na kibwebwe.

Basi, ulisema itarudi, imerudi. Siku tano, mwanangu. Maji ya choo yanapanda bafuni, yanatambaa ukumbini, wapangaji wanakwenda kuomba choo msikitini na kwenye maduka ya jirani. Kupika kwa ajili ya wateja nimeacha, nani atakula wali unaotoka humu? Kutwa nazoa na kumwaga, nazoa na kumwaga. Siku ya nne Bi Nuru akaniambia, "Mama Somoe, mpigie mtoto." Nikamwambia mtoto yuko mbali. Akasema, "Simu haijui mbali." Nikaendelea kuzoa. Nitakupigiaje kukuomba ufanye kazi ileile niliyoikana?

Leo nikamleta fundi kutoka Ilala. Akasukuma fito kwenye chemba ya uchochoroni, zikakwama, ikabidi tuitafute ya uani. Nikamwambia, hatua kumi na tatu kutoka mlango wa jikoni. Jitu lenyewe refu kama mlingoti wa bendera, likatembea hatua zake, likavunja marumaru, chini mchanga mtupu. Nikamwambia hapana, ni hatua zangu. Nikatembea mimi, na magoti haya ya sasa. Kumi na tatu zikaishia kando ya simtanki la maji. Akavunja tena, mchanga tena. Akaanza kunicheka, "Mama, una uhakika una chemba humu?"

Ndipo nikakumbuka. Nikaingia jikoni nikatoka na sufuria, lile kubwa, nikalijaza maji liwe na uzito wake. Fundi akamuuliza Bi Nuru, "Huyu mama mzima kweli?" Nikamsikia, nikamwacha. Ukibeba sufuria lililojaa mguu haubembelezi goti, unakwenda kikazi. Moja, mbili, mpaka kumi na tatu, nikasimama. "Piga hapa."

Tindo ilipoingia, sauti ikawa ya uwazi. Mfuniko wako huo hapo, mwanangu, chini ya unyayo wangu.

Kuufungua, chemba imejaa mafuta, meupe, yameganda kama sabuni. Fundi akaniambia, "Mama, haya chapati unapika mwaka mzima." Yote yametoka kwenye masufuria yangu. Nilimnyang'anya karai. Nikapiga magoti nikachota mwenyewe mpaka nikauona mdomo wa bomba lako, halina ufa, limelala vilevile ulivyolilaza. Nikaenda chooni na ndoo. Bi Nuru akakaa kwenye chemba.

"Yamefika?" nikauliza.

"Bado! Mwaga!"

"Yamefika?"

Aliposema yamefika sikutoka kupiga makofi. Nilikaa pale chooni na ndoo yangu nikalia, maana sauti ile ilikuwa ya Bi Nuru, si yako.

Na kama aliyeitwa, mama mkwe wa Zaina akaingia muda uleule. Nimejaa uchafu mpaka viwikoni, uani kumebomoka. "Jamani, mwenzangu! Yule kijana wako wa kuzibua yuko wapi?"

Nikamwambia, "Hakukuwa na kijana. Zile gambuti zilikuwa za Somoe. Choo ulichokitumia siku ya posa alikizibua yeye. Ndiye fundi wa bomba hili lote, na nilikuficha kwa sababu niliona haya."

Fundi wa Ilala mwenyewe aliacha kugonga.

Mama mkwe akasema, "Wewe mwanamke una akili kweli? Una fundi wa damu yako, unanificha? Mimi choo changu Magomeni kimeziba tangu mwezi uliopita, kila fundi anakuja anachimba anaondoka! Nipe namba ya mtoto."

Hivyo tu. Aibu niliyoibeba muda wote huu, mwenzangu hakuwa nayo hata chembe. Namba sijampa. Hiyo ni yako, utaitoa ukipenda.

Shangazi zake Somoe mnaosoma hapa, na wewe mjomba: mwanangu ni fundi wa mabomba ya maji taka. Anazibua vyoo. Hana kiyoyozi. Nilimkana mbele ya wageni na namwomba radhi mbele yenu.

Somoe, sikwambii urudi. Una kazi yako huko, na mimi sina haki ya kukuamrisha. Nakwambia tu yalivyo. Mfuniko nimeuacha wazi, marumaru zimekatwa mraba kuuzunguka, hazipendezi, zitakaa hivyohivyo. Ndoo yenye chekecheo nimetengeneza nyingine, mbovu kuliko yako, lakini inashika mafuta. Halafu nilioga nikashuka sokoni, nikanunua gambuti nyeusi, namba ya mguu wako. Nimeziweka barazani, mlango wa mbele, kila apitaye azione. Tangu alasiri watu wanne wameniuliza za nani, na wote nimewajibu.

Zitakuwa palepale ukija, na usipokuja pia zitakuwa palepale.

Ni mimi mama yako, ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina lako,

Mama Somoe