Ndama wa Oktoba

Sargent, Nebraska
Septemba 30, 1973

Kwako shemeji Lloyd,

Natumai barua hii inakukuta unapumua vizuri kuliko ulipoondoka. Binti yako Carolee na watoto wake hawajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanung'unika nikipanda trekta. Leo nimepeleka maua kaburini kwa dada yako. Nimempa Ardith salamu zako.

Mnada umeanza bila wewe. Ijumaa nilikaa palepale petu, safu ya tatu. Kiti chako alikikalia bwana mmoja wa mji wa Broken Bow, akala vipande viwili vya pai huku akinieleza ndoa ya binti yake. Lloyd, ndama wamefika senti sitini kwa ratili. Watu wanasema kwa kuwa serikali imeachia bei ya nyama, watafika sabini. Ghala langu limejaa nyasi kavu mpaka juu. Miaka yote wewe ulichagua, mimi nikapiga hesabu, tukawalisha majira ya baridi na kuwauza barafu ikiyeyuka. Sasa hesabu ninayo, jicho sina. Ninunue?

Shemeji yako,
Emil

*

Tucson, Arizona
Oktoba 7, 1973

Kwako shemeji Emil,

Salamu nyingi. Kifua kinakwenda na kurudi. Hewa ya huku ni kavu kama mdomo wa mlevi asubuhi, na daktari anasema ndiyo dawa yenyewe.

Usinunue. Ndama wa ratili mia nne kwa senti sitini ni dola mia mbili na arobaini kabla hajatia kitu mdomoni. Mahindi nayo yamepanda mara mbili. Wale wanenepeshaji wakubwa watakaokuja kuwanunua kwako mwezi wa nne huwalisha mahindi matupu mpaka machinjioni. Wakibanwa wao, watakubana wewe. Bei ikiwa juu hivi, anayefaidi ni mwenye ng'ombe jike, siyo mnunuzi wa ndama. Uza nyasi zako, ukae ndani unywe kahawa.

Hapa nimezungukwa na wazee wanaozungumzia gofu na vibofu vyao. Nilimwambia mmoja kwamba ndama wamefika senti sitini, akaniuliza kama wanafugwa ndani ya nyumba. Niandikie bei kila wiki. Gazeti la huku haliziandiki.

Shemeji yako,
Lloyd

*

Sargent
Oktoba 23, 1973

Kwako shemeji Lloyd,

Hujambo? Kikohozi kimepungua? Mimi sijambo.

Nimenunua tisini. Maliza kusoma kwanza ndipo unitukane. Benki imenikopesha, nimeweka rehani malisho ya kusini. Nilisema nitanunua kumi tu, nijishughulishe. Mnadi akaendelea kuita, mkono wangu ukaendelea kupanda.

Walishushwa hapa wakiwa wametengwa na mama zao siku ileile. Unazijua kelele zao. Walilia siku tatu mfululizo, Delbert akaja toka ng'ambo ya barabara kusema mke wake hafumbi macho. Lloyd, mimi nililala. Tangu Ardith afariki sijawahi kulala vile. Ilikuwa kama nyumba ina watu.

Shemeji yako,
Emil

*

Tucson
Oktoba 31, 1973

Emil,

Umenunua kelele kwa dola elfu ishirini na moja. Ungenunua redio. Ardith angekuwa hai angeficha funguo za gari, na mimi ningemsaidia kuzificha. Uliniuliza, nikakujibu, ukafanya la kwako. Mambo yakiharibika usinililie.

Lloyd

*

Tucson
Februari 17, 1974

Kwako shemeji Emil,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu naandika bila jibu. Huku wote wazima. Mjukuu ameng'oka jino.

Carolee amenipeleka maktaba, nimepata gazeti la Omaha la wiki iliyopita. Nimeziona bei. Nimeona pia madereva wa malori wamegoma na nyama haitembei. Sina la kusema juu ya hilo. Nataka tu kujua wale ndama wanakula vizuri, na kama kuna wanaokohoa. Ukimwona anayesimama peke yake kichwa chini, usingoje kesho, mtenge.

Shemeji yako,
Lloyd

*

Tucson
Mei 26, 1974

Kwako shemeji Emil,

Natumai u mzima. Mtu wa posta hapa sasa ananipungia mkono toka mbali kuniambia hakuna kitu, ili nisijisumbue kutoka nje kwenye jua.

Kama hutaki kuandika habari za ndama, andika za mvua. Andika nani amekufa. Chochote.

Shemeji yako,
Lloyd

*

Sargent
Julai 14, 1974

Kwako shemeji Lloyd,

Salamu. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeuza Juni. Nilikuwa nawangojea wapande bei, na kila Ijumaa wanashuka. Kila ndama alikuwa na ratili mia saba, karibu mara mbili ya alivyokuja, na nimemuuza kwa pesa pungufu ya nilizomnunulia. Nyasi zote, mahindi yote, kuvunja barafu ya maji kila asubuhi, bure. Watano walikufa. Malisho ya kusini yamekwenda, ameyanunua mtu wa mjini Lincoln ambaye hajawahi kuyakanyaga. Pale ndipo mimi na Ardith tulipokuwa tukienda kula chakula siku ya kwanza ya joto.

Mvua hakuna, mahindi ya Delbert yameungua shambani.

Ulisema kweli. Haya, sema sasa, tumalize.

Shemeji yako,
Emil

*

Tucson
Julai 22, 1974

Kwako shemeji Emil,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Sisemi kitu.

Sikiliza. Oktoba hii ndama watakuwa senti ishirini na nane, pengine chini ya hapo. Kila mtu ana hofu, kila mtu ameungua kama wewe, na ukame utawafanya wauze mapema. Mwaka jana wote walitaka kununua, na mimi nikakukataza. Mwaka huu hakuna atakayetaka, na mimi nakwambia nenda. Usikope. Chukua wale tu ambao nyasi zako zitawatosha, usizidishe hata mmoja.

Kuhusu jicho: usitazame ngozi, ngozi inadanganya. Tazama nafasi kati ya miguu ya mbele, iwe pana. Tazama anavyoingia ulingoni mwa mnada. Anayeingia akitafuta mlango wa kutokea ni mzima, anayeingia akisimama tu ni mgonjwa. Mwenye kamasi mwache hata wakikupa bure. Na mnadi akiendelea kuita, uukalie mkono wako.

Kisha niandikie mmoja mmoja. Nina nafasi ya kuwasoma wote.

Shemeji yako,
Lloyd

*

Sargent
Novemba 3, 1974

Kwako shemeji Lloyd,

Hujambo? Carolee aliniambia kwenye simu kwamba unalala umekaa. Pole sana.

Nimenunua arobaini kwa senti ishirini na saba. Niliukalia mkono wangu kweli, mpaka ukafa ganzi. Walipopita wale wa shamba la Hruska, wekundu wenye nyuso nyeupe, nikatazama miguu ya mbele kama ulivyosema. Mnadi akauliza, "Emil, leo umekuja kununua au kusali?" Watu wakacheka. Nikanunua.

Nimekuandikia kila mmoja kwenye kurasa sita nilizotia humu. Wa kumi na saba ana kovu sikioni na ananifuata. Wa thelathini anapiga teke, jihadhari naye.

Shemeji yako,
Emil

*

Tucson
Januari 14, 1975

Kwako shemeji Emil,

Mwandiko ni wa Carolee, maneno ni yangu. Tumeona kwenye televisheni dhoruba iliyowapiga huko. Tumepiga simu siku nzima, laini zimekatika. Achana na ndama. Sema tu kama upo.

Shemeji yako,
Lloyd

*

Sargent
Februari 2, 1975

Kwako shemeji Lloyd,

Nipo. Salamu kwa Carolee, na asante kwa mwandiko mzuri.

Theluji ilikuja kwa ubavu. Ndama waliupa upepo mgongo wakatembea nao mpaka uzio wa chini, wakajazana pale. Nilishika uzio kwa mkono mmoja nikawafuata. Pua zao zilikuwa zimeziba barafu, wanasimama wima wanakosa pumzi. Nilipita mmoja baada ya mwingine nikiivunja kwa vidole, na nikifika mwisho, wa kwanza ameziba tena. Nilikuwa nawaita kwa namba ulizozisoma wewe. Delbert alinikuta jioni, akasema, "Mzee, njoo ndani, hawa si wanao." Nikaendelea na pua iliyofuata.

Saba wamekufa. Wa thelathini naye. Vidole vyangu viwili havina hisia, ila kalamu vinashika, kama unavyoona.

Shemeji yako,
Emil

*

Sargent
Aprili 26, 1975

Kwako shemeji Lloyd,

Sijui uko hali gani leo, kwa hiyo siulizi. Mimi mzima.

Jana nimewauza wote thelathini na watatu. Nikitoa kila kitu, pamoja na wale saba, imebaki faida ya kulipa kodi ya ardhi niliyobaki nayo na kununua buti. Ulikuwa sahihi mara mbili. Nimerudi nyumbani nikakaa garini kitambo kabla ya kushuka, maana zizi lilikuwa kimya.

Nilikupigia toka simu ya sarafu pale mlangoni mwa mnada. Carolee akasema umewekewa mrija, huwezi kusema, ila atakuwekea simu sikioni. Nikasikia unavuta pumzi. Nilikuwa nimepanga mengi, yote yakanitoka. Basi nikakusomea bei. Maksai wa mia saba, wa mia sita, wa mia tano, nani kauza, nani kanunua, nani kalia njaa. Watu walipanga foleni nyuma yangu wakitaka simu. Nikawaambia naongea na Lloyd, wakarudi ndani. Ukawa unavuta pumzi polepole, nami nikapunguza mwendo. Kisha sarafu zikaisha.

Nilikuwa sijafika kwenye mitamba. Mitamba wa mia nne walikwenda senti ishirini na sita. Walikuwa wachache, lakini wazuri. Mmoja aliingia akitafuta mlango, mpana kifuani. Wewe ungemnunua.

Shemeji yako,
Emil