Soja amekataa tulale

Alhamisi, Kabazi. Ukungu umekaa juu ya kahawa tangu asubuhi na nguo za mtoto zimekataa kukauka. Nilizianika jana, nikazianua, leo nimezianika tena. Zinanuka moshi.

Naandika nikiwa kwa kigoda nje ya jikoni, simu mkono mmoja, Tasha amelala mgongoni. Kama kuna maneno nimekosea mnisamehe. Shule niliiachia njiani, na macho yangu leo yanaona kila herufi mara mbili.

Sijalala.

Si jana tu. Tangu tuzike Shosho sijapata usingizi wa kuitwa usingizi. Kwa wale wageni hapa: Shosho ni nyanya ya mume wangu, ndiye alimlea. Alipougua, mimi ndiye nilitoka Njoro na mtoto mchanga kuja kumwangalia. Baba Tasha alibaki huko Njoro kwa kazi yake ya gereji, huwa anakuja mwisho wa wiki. Kwa hivyo hapa bomani tulikuwa wanawake watatu, mkubwa, mimi na mdogo. Na Soja.

Soja ni mbwa. Ameshazeeka, rangi yake ni ya majani ya mahindi yaliyokauka, na sikio moja limeraruka. Mchana anafungiwa kwa kibanda chake nyuma ya tanki, jioni anafunguliwa alinde, kama mbwa wote wa huku. Shida inaanza akishafunguliwa. Anazunguka nyumba. Anakwaruza mlango. Kisha anaenda chini ya dirisha la Shosho, anakaa, anaanza.

Angekuwa anabweka ningeelewa, ningesema kuna mwizi. Huyu analia. Sauti ndefu, inapanda, inakatikia juu. Ananyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza kama ataitikiwa. Halafu anarudia. Hivyo hivyo mpaka watu wa maziwa waanze kupita na mikebe yao.

Tasha anaamka, wanalia pamoja. Namnyonyesha, analala, Soja anaanza, anaamka. Sasa hata maziwa yangu yanapungua. Ananyonya kidogo, anaachilia, ananiangalia kama mimi ndiye nimeyaficha.

Ningependa kuandika kwamba naumia. Lakini hii blogu niliahidi sitadanganya. Sisikii kitu. Siku ya mazishi kina mama wa kanisa walisema mimi ni jasiri, nimepika, nimepokea wageni, hakuna chozi. Nikasema asante. Haukuwa ujasiri. Unajua ule mkono ukiulalia, asubuhi unauona ni wako lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine? Mimi mzima niko hivyo.

Msidhani sijajaribu. Nilimpa Soja ugali na githeri mpaka akashiba. Akalia na tumbo limejaa. Nilimwekea gunia jipya la kulalia. Akalikojolea. Mwenye duka la dawa za mifugo akaniuzia dawa ya minyoo, minyoo ikatoka, kilio kikabaki. Usiku mmoja nilimwacha amefungiwa, akagonga mabati kwa kichwa hadi nikaogopa atajiua, nikaenda kumfungulia na leso kichwani na mvua inanyesha.

Jana Baba Tasha alipiga simu.

"Mama Tasha, mbona unaongea kama mlevi?"

"Ni usingizi."

"Basi huyo mbwa aende. Nimeongea na jamaa wa mbao pale Subukia. Kesho kutwa anakuja na pikapu."

Nikamuuliza huko Soja atafanywa nini.

"Atalinda mbao. Akishindwa, huyo jamaa atajua la kufanya."

Ni Baba Tasha mwenyewe alimleta Soja hapa kama mtoto wa mbwa, ndani ya jaketi yake, akiwa kijana asiye na ndevu. Shosho alipenda kuisimulia hiyo. Baba Tasha akaongeza, "Lakini nyinyi mkiisha kwa kukosa usingizi, nitafanya nini?"

Nikasema sawa. Niliisema kama nimeambiwa ninunue chumvi.

Kesho kutwa ya jana ni kesho.

Sasa nisikilizeni kilichotokea leo asubuhi. Nilikuwa kwa kamba ya nguo, karibu na ua wa jirani. Mama Ciku akatokea upande wake na jembe begani. Huyu mama hana maneno ya kupunguza.

"Mama Tasha! Hiyo mbwa yenu inaita nani tena? Mmoja ameenda. Ama inatafutia Shosho mwenzake, na mimi ndiye mzee nimebaki hapa?"

Huku watu wanaamini mbwa akilia hivyo anaita kifo. Nikamwambia pole Mama Ciku, kesho anachukuliwa.

"Kesho. Na leo usiku? Tutoke nje tuimbe naye kwaya?"

Nikaendelea kuanika nepi. Akaniangalia vizuri, sura yangu ilivyo, na sauti yake ikashuka.

"Kwani wewe humwambii?"

"Nimwambie nini?"

"Si ile ya Shosho! Kila jioni. Mimi hata saa sikuwa naangalia. Nilikuwa nangoja atangaze ndio nizime taa."

Akaweka jembe chini, akashika kiuno, akajikunja kama Shosho alivyokuwa akisimama mlangoni, na akaitoa ile sauti yenyewe, ya puani kidogo: "Sojaaa! Watu wote wako ndani. Lala na sikio moja!"

Akaanza kucheka. Nyuma ya tanki mabati yakalia. Soja alikuwa amesimama.

Mama Ciku akaacha kucheka. "Haki," akasema polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe bila kubisha. Akachukua jembe lake akaenda.

Nimekaa na hayo maneno mpaka sasa.

Mimi niliyasikia kila jioni. Hiyo ndiyo naona nicheke na nashindwa. Shosho aliongea Kikuyu na kila kitu, na ng'ombe, na kuku, na jiko likikataa kuwaka. Hata mimi niliyezaliwa Kaptembwa pale Nakuru, nisiyejua Kikuyu cha kujaza kijiko, alinisemesha Kikuyu mpaka nikashika. Soja peke yake ndiye alisemeshwa Kiswahili. Niliwahi kumuuliza, akaniambia huyu ni soja, yaani askari, na askari anapewa amri kwa Kiswahili. Mambo ya zamani, kutoka shamba la mzungu, mzee wake alikuwa analinda ghala huko.

Nilipokuja alikuwa hawezi tena kutoka nje. Maneno hayo alikuwa anayasemea dirishani, amelala. Saa hizo mimi niko huku jikoni, jiko linafuka moshi, mtoto analia. Nilichokuwa nasikia ni sauti yake tu, Kiswahili, "watu wote," "ndani." Nikadhani anaomba. Nikadhani anatuombea kwa Kiswahili kwa ajili yangu, ili na mimi nielewe. Ilinigusa sana.

Kwa hivyo nilikuwa naitikia. Kwa nguvu, kutoka jikoni, ili asikie.

Amina!

Kila jioni. Na hakuwahi kunikosoa. Sasa ndio naelewa kwa nini wakati mwingine nilimkuta anatingishika na shuka mdomoni. Nilikuwa nadhani ni kifua.

Soja haiti kifo cha mtu. Ameshaingia zamu na hakuna mtu amemwambia kama tumeingia wote. Anangoja.

Ngoja niweke simu kwa charji. Jioni nitaona.

*

Ijumaa, mapema. Jua limetoka, nguo zinakauka. Namalizia.

Jana nilimfungulia Soja saa ile ile ya siku zote. Nikambeba Tasha, nikasimama mlangoni mahali pa Shosho, jiwe limeliwa katikati kwa miguu yake. Soja akazunguka nyumba, akaenda chini ya dirisha, akakaa. Nikafungua mdomo.

Maneno yakakataa.

Nilikuwa naona ni uongo. Wote wako ndani, wote gani? Baba Tasha yuko Njoro. Na Shosho je? Askari hapewi ripoti ya uongo. Soja akainua shingo tayari kwa kuanza, na Tasha akakunja uso, maana hata yeye ameshajua kinachofuata.

Ndipo nikaangalia kule chini kwa nepia, yale majani ya ng'ombe. Tulimzika Shosho pale kwa sababu mwenyewe alisema anataka kusikia ng'ombe wakikatiwa majani. Udongo bado umevimba. Ua wetu unapita nyuma yake, sisi ndio tuliurudisha nyuma kidogo wiki ile ili asibaki nje.

Yuko ndani ya ua.

Na Baba Tasha, popote alipo saa hizo, ana mlango na ameufunga. Ndani ni ndani.

"Soja," nikasema. Haikutoka vizuri. Nikarudia kwa nguvu. "Soja! Watu wote wako ndani. Lala na sikio moja."

Aligeuka akaniangalia. Halafu akaangalia dirisha. Halafu mimi tena. Hakulia, lakini hakulala pia. Alisimama tu, kama mtu aliyesikia nusu ya habari. Nikarudia, bado amesimama. Nikasema basi, imeshindikana, pikapu ije.

Nikaingia jikoni kupakua uji wa mtoto. Na nikiwa pale na mwiko, ikanitoka yenyewe, vile ilivyokuwa ikitoka kila siku.

"Amina!"

Nikasikia kishindo kidogo nje. Nilipochungulia, Soja alikuwa amejitupa chini mbele ya mlango, kichwa juu ya miguu, lile sikio lililoraruka limesimama.

Nililala. Sina kingine cha kuandika hapo. Nililala.

Nimeamshwa na Tasha akinivuta nguo, ana njaa, na nje kuna kelele za mikebe. Soja akawabwekea watu wa maziwa, kubweka kwa kawaida, kwa hasira kidogo. Blauzi yangu ilikuwa imelowa. Mto pia ulikuwa umelowa. Blauzi ni maziwa, najua. Mto sijui nilianza saa ngapi.

Nikampigia Baba Tasha nikamwambia jamaa wa mbao asije. Akauliza kumetokea nini. Nikamweleza yote, mpaka ya Amina. Akacheka, kisha nikasikia amesogeza simu mbali na uso. Vyuma vya gereji viligongwa kwa muda. Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini, ya kijana mwenye mbwa ndani ya jaketi.

"Na mimi ulinihesabu?"

"Nilikuhesabu."

Anafika leo kabla giza. Jioni ni yeye atasimama kwa lile jiwe atangaze. Mimi nitakuwa jikoni, nitaitikia.