Betri kwa Pete

Magomeni, Mtwara
9 Machi 2008

Dada Atupele,

Shikamoo. Huku mvua ni nyingi, na Joyce wangu ameng'oka jino.

Barua yangu iliyopita huyu mume wangu Lukasi aliikuta kwenye laptop. Alinichapa kwa waya wa chaja hadi mgongo ukachanika, akanikanyaga mkono wa kushoto, huu ninaoshikia kalamu. Tangu hapo waya anaubeba kwenda nao kazini bandarini, maana betri ilishakufa na bila waya mashine haiwaki. Mshenzi! Alidhani amenifunga mdomo.

Zahir, fundi wa Mikindani, alichomoa betri kwenye laptop mbovu ya aina moja na yangu, akaichaji dukani kwake. Sikuwa na hela, nikampa pete ya ndoa, niliyoivua kwa sabuni kabla kidole hakijafura. Ndiyo nakuandikia kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Zahir ataiprinti barua hii na kuiposti.

Jana Lukasi aliuliza pete iko wapi. Nikamwonyesha kidole, nikamwambia:

"Umekivimbisha mwenyewe. Itaingiaje?"

Akasema uvimbe ukishuka niivae.

Dada, njoo na kaka zetu, upesi. Uvimbe umeanza kushuka.

Mdogo wako,
Sekela