Shayiri ya Kwenye Madumu

Jumanne, 4 Februari 2025

Leo saa tano asubuhi nimempoteza Magdalena, Mama Stanley, mteja wangu muoka keki. Trei kumi na mbili kila Jumanne, miaka minne. Hesabu nimeipiga pale pale mlangoni kwake Kwa Mrombo, trei zikiwa mikononi: mayai elfu sabini na nne, mia nane na themanini. Hakuna hata moja bovu. Sawa – manne. Manne nayakubali.

Na hakuniambia mwenyewe! Alimtuma binti wa dukani. Mama Stanley anasema viini vyako vimepauka, keki zinatoka kama uso wa mgonjwa wa malaria, asante kwa huduma. Asante kwa huduma! Na Mama Stanley huyo yuko nyuma ya pazia, nimeiona miguu yake. Mtu tunaimba naye sauti ya pili kanisani, tunashika kitabu kimoja!

Nimerudi Olasiti na trei zote. Kuku wangu wanataga trei kumi na nane kwa wiki. Toa kumi na mbili, zinabaki sita. Mimi nilianza na matetea watano na banda la mabati ya kuokota. Kwenye sita sirudi.

Jumatano, 5 Februari

Nimevunja mayai matatu kwenye sahani nyeupe. Inaniuma kuandika. Viini vimepauka kweli. Kimoja nilikitafuta kwa macho.

Sababu naijua. Tangu Desemba kiwanja cha jirani kimezungushiwa ukuta, na majani ya kuku nilikuwa nakata mle. Kiangazi nacho kimekausha kila kitu. Kuku mia moja na arobaini wanakula pumba na unga tu, jani hawalioni. Kuku asiyeona jani ataitoa wapi njano?

Lakini angeniambia. Nasema tu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeangalia video kumi na moja za kuotesha nafaka bila udongo. Haidroponiki, wanaita. Unaloweka, unamwaga kwenye trei, unamwagilia mara tatu kwa siku, siku ya saba una zulia la kijani, mizizi na punje vyote kuku anakula. Kilo moja inakuwa kilo sita! Mmoja akasema kumi. Huyo nilimzima. Hata hizo sita, tano ni maji – mimi si mtoto. Siwezi kupunguza chakula chao cha kawaida. Ninachotaka ni ukijani.

Nikaenda kwa Saruni, muuza nafaka. Nikamwambia shayiri ya kula, si ya mbegu. Ya mbegu ina dawa, ile rangi ya waridi, ingenimalizia kuku wote kwa siku moja. Saruni ni wa Monduli, mdomo wake hauna breki.

– Mama Abdiel! Shayiri? Unafungua kiwanda cha bia Olasiti?

– Cha kuku.

– Basi tutawaona wakirudi banda wakiimba!

Wateja watatu wakacheka. Nimebeba kilo ishirini na heshima yangu.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada nimekata madumu. Dumu la lita ishirini ukilipasua kwa urefu unapata trei mbili. Madumu kumi na manne, trei ishirini na nane. Nne kwa siku, mara siku saba. Nusu kilo kila trei. Matundu kwa msumari wa moto. Nimeungua kidole. Shayiri ya kwanza, niliyoiloweka Ijumaa, nimeitandaza leo.

Kanisani Magdalena amebadilisha benchi. Mbili mbele yangu. Kitabu nimeshika peke yangu.

Jumatano, 12 Februari

Ukungu! Trei zote nane za mwanzo. Mweupe, kisha mweusi, harufu ya soksi. Nimezika kilo nne nyuma ya choo. Kuku hawakupewa hata punje.

Sitaki kuongea na mtu leo.

Ijumaa, 14 Februari

Mama amekuja kutoka Machame, ana kliniki ya macho Jumatatu. Miaka sabini na sita. Haoni vizuri, lakini pua! Hajakaa hata kwenye kiti.

– Anneth, nani ameoza humu?

Nikamwonyesha. Akaingiza mkono kwenye ndoo.

– Umeloweka siku ngapi?

– Mbili.

– Umeizamisha, maskini. Hata mtu ukimloweka siku mbili anakufa.

Nilisahau kabisa – mwanamke huyu amechipusha ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, miaka sitini! Hapakuwa na harusi wala msiba kwetu bila kimea chake. Na mimi naangalia video! Amenipanga upya. Loweka usiku mmoja tu. Chuja. Funika na gunia bichi mpaka punje zitoe ncha. Kila chombo kioshwe kwa maji ya moto. Na trei zilale mshazari, maji yapite, yasikae. Nimeweka vipande vya tofali upande mmoja wa rafu. Trei zote sasa zimeinamisha kichwa kama zinasali.

Jumatatu, 17 Februari

Zimetoa ncha! Trei zote! Nyeupe, ndogo kama meno ya mtoto. Nimezihesabu kwenye kiganja: punje mia, zilizochipua tisini na tatu. Mama anasema yeye hakuwahi kuhesabu na mbege ilikuwa tamu.

Jumatano, 19 Februari

Nimeenda mjini kununua chanjo, nimerudi saa tisa. Rafuni trei nane tupu, zimeoshwa, zimefunikwa. Shayiri yangu yote kubwa, ya siku nne na ya siku tatu, imetandazwa barazani juu ya mkeka, jua linaipiga. Mama amekaa pembeni na fimbo anafukuza kuku. Anafukuza kuku! Wasile chakula chao!

– Mama, umefanya nini?

– Kimea kimefika. Ungechelewa kesho, kingekwisha utamu. Nimekuokolea.

Mkono umefanya ulichozoea. Miaka sitini, ncha ikifikia urefu wa punje mbili, unaanika. Nimekaa juu ya ndoo. Kilo nne. Nikamweleza pole pole kwamba hii haianikwi, inaachwa mpaka iwe majani.

Akaishusha fimbo. Kisha:

– Majani? Sasa watu watakunywa nini?

Nilitaka kulia, nikacheka mpaka nikashika nguzo. Yeye naye akacheka, hajui tunacheka nini.

Zimebaki trei nne changa.

Alhamisi, 20 Februari

Ile harufu ya kimea ilitembea mtaa mzima. Leo saa nne hodi – Mzee Sifaeli, mzee wetu wa kanisa, Biblia kwapani, uso wa kamati. Shikamoo Mzee. Marahaba. Karibu kiti. Akakohoa. Mama Abdiel, wewe ni mwanakwaya, watu wameona kimea barazani, watu wameona shayiri ikinunuliwa, na watu wanauliza.

Watu! Saruni na wateja wake watatu, hao ndio watu.

Kabla sijafungua mdomo Mama akajibu kutoka ndani:

– Baba, ingekuwa ni mbege ungekuja na kikombe, si na Biblia!

Mzee alikohoa tena, lakini safari hii kikohozi kilikuwa na kicheko ndani. Nikampeleka rafuni. Akazisoma trei nne kama anasoma risala. Akauliza: kuku atakula hivi? Nikasema atakula vikiwa na urefu wa kidole. Na faida yake? Njano, Mzee. Nataka njano. Akasema atarudi kuiona hiyo njano kwa macho yake. Aje.

Jumatatu, 24 Februari

Kijani! Sentimita sita. Nimeamka mara ya kwanza kabla ya jogoo, nikaenda kuangalia tu. Nyanyua trei, nusu kilo imekuwa kilo mbili na robo tatu. Mizizi imeshikana. Ukigeuza haianguki punje.

Jumanne, 25 Februari

Nimewapa. Nilitupa zulia la kwanza katikati ya banda – wote mia na arobaini wakarudi ukutani! Kimya. Nimepata hasara ya karne, nikawaza. Kisha yule tetea wa kishingo, asiye na manyoya shingoni wala haya usoni, akasogea. Akadonoa. Akasimama, akafikiri. Akadonoa tena. Halafu ikawa ni mnada! Wanavutana, wanakimbia na vipande mdomoni, mmoja amebeba mizizi kichwani kama bibi harusi. Dakika sita, hakuna kitu.

Mama alisikia fujo akauliza nani anapigana. Nikasema wanakula kimea chako. Akafurahi sana.

Kuanzia wiki ijayo rafu itakuwa imejaa. Kilo kumi na moja kwa siku, gramu sabini na nane na ushee kila kuku. Natembea naimba sauti ya pili peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mayai matatu, sahani ile ile. Sihitaji kutafuta. Njano ya embe! Nimekaanga moja nikala nimesimama, bila chumvi. Mama nikampa la kuchemsha. Akaliweka karibu na jicho lile zima, akasema: hili nimeliona.

Jumapili, 16 Machi

Nimepeleka trei moja sadaka kwenye mnada wa baada ya ibada. Mnadishaji ni Mzee Sifaeli. Akanadi ndizi, akanadi maboga, jogoo mmoja akamtoroka. Ikafika trei yangu. Watu wanaangalia simu – mayai ni mayai.

Mzee akaomba kisahani. Wapi mtu ameona yai likivunjwa mnadani! Akalivunja, akainua juu:

– Ndugu zangu, mlisema huyu mama anapika pombe. Haya, nani amelewa?

Kanisa zima! Wakaanza kupandisha, huyu anasema, yule anasema, mama mmoja akanunua halafu akairudisha inadiwe tena. Ilinadiwa mara tatu. Shingo ya Magdalena, benchi mbili mbele, haikugeuka hata kidogo. Shingo ngumu namna ile inachosha. Nimeiangalia mpaka mwisho wa mnada.

Jumanne, 18 Machi

Mteja mpya! Anaitwa Elinaza, amekuja na bajaji. Ana mgahawa Njiro, anasema. Anataka trei kumi na mbili kila Jumanne. Sikuuliza swali hata moja. Kumi na mbili na sita ni kumi na nane. Nimefunga banda kwa furaha nikasahau ufunguo ndani.

Jumanne, 25 Machi

Elinaza tena. Nikamuuliza kwa mazungumzo tu: chapati mnauza ngapi asubuhi? Akasema nyingi. Nyingi ni ngapi? Akasema inategemea. Mtu mwenye mgahawa hajui chapati zake! Na yaliyopasuka ameyataka pia, kwenye kopo lake. Mgahawa wa wapi unapokea yai lililopasuka tangu jana?

Jumatatu, 7 Aprili

Mpishi wa lodge moja ya watalii amepiga simu. Amekula yai langu kwa jamaa yake. Anataka trei kumi na mbili kila wiki, mwaka mzima, jibu kabla ya keshokutwa saa nne asubuhi. Lodge! Mvua zimeanza, kuku wametulia, tumefika trei kumi na tisa. Kumi na tisa haigawanyiki mara mbili kumi na mbili. Nimejaribu.

Jumanne, 8 Aprili

Elinaza amerudisha trei tupu. Mimi trei zangu za plastiki nazitia mstari wa rangi ya bluu pembeni tangu mwaka juzi, baada ya kuibiwa. Alizochukua kwangu zote ni za karatasi. Za plastiki hajawahi kupewa; za mwisho zilibaki Kwa Mrombo. Leo ameniletea kumi na mbili za plastiki, mistari ya bluu kumi na mbili. Na unga mweupe kwenye kona, na harufu ya vanila.

– Elinaza, hizi umezitoa wapi?

– Mgahawani, mama.

– Mgahawa una pazia?

Akaangalia bajaji. Bajaji ikaangalia pembeni.

Nilikasirika kwa hesabu ya dakika mbili. Halafu nikaanza kucheka, na sijaacha vizuri. Wiki nne! Trei arobaini na nane! Anaoka keki za njano kwa mayai yangu, anapanga bajaji, anamlipa mtu aseme uongo – ili tu asiseme neno moja. Shingo ile!

Lakini lodge inasubiri. Elinaza wa mgahawa hewa siwezi kumwekea trei mwaka mzima. Magdalena naweza. Nimemwandikia:

«Mama Stanley, Bwana asifiwe. Trei zangu za plastiki zimefika salama, asante kwa kuziosha. Kuna lodge inataka hizi kumi na mbili. Nikizitoa, zimetoka. Sikudai samahani. Nakuuliza swali moja, unijibu wewe mwenyewe, kwa sauti yako: mayai yangu unayataka au huyataki?»

Tiki mbili. Zimekuwa bluu. Anaandika… Ameacha. Anaandika tena. Mama ananiuliza naangalia nini kama nimelowekwa siku mbili.

Ameacha tena!

Magdalena, ndiyo au hapana. Kesho, kabla ya saa nne asubuhi.